Nilijibu "Ndiyo" Mara Tatu, Kisha Nikaruka Darajani

Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza hadi kwenye foleni ya kantini kama nimeacha kuandika au nimeolewa. Vyote bado. Nilikuwa likizo, na safari hii mwenzenu sikuishia kijijini kupukuchua mahindi. Nimefika mpaka Maporomoko ya Victoria, nikafungwa kamba miguuni, nikajirusha kutoka darajani kichwa chini. Ndiyo, mimi huyu huyu ninayeshika ukuta nikishuka ngazi za maktaba.

Mchezo wenyewe unaitwa banji. Unafungwa kamba nene ya mpira, unaruka kutoka mahali pa juu sana, kamba inavutika, inakurudisha juu, unadunda dunda hewani kama yoyo mpaka utulie. Najua mnataka hadithi, na nitawapa yote. Ila nimekaa kuandika kwa sababu ya neno moja dogo nililolisema pale darajani, neno ambalo sisi tunaosomea ualimu tunalisikia kila siku na kuliamini bila kulikagua.

Tuanze na safari. Mjomba wangu anaishi Lusaka miaka mingi, na binti yake, yaani binamu yangu, ameanza kazi mwaka jana. Akaniambia, "Njoo likizo, nauli ya kuja tafuta, huku mengine niachie mimi." Nikabana boom, nikala wali maharage muhula mzima, nikapanda basi. Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, unavuka mpaka unaingia Nakonde, halafu unaanza kuitafuta Lusaka kama vile imehamishwa. Nilipofika miguu ilikuwa imevimba kama mihogo. Shikamoo mjomba, nikalala siku nzima.

Baada ya siku chache tukapanda basi lingine hadi Livingstone, kusini kabisa, kwenye mto Zambezi. Wenyeji wanayaita maporomoko yale Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi unaonguruma. Mswahili huhitaji mkalimani hapo, "mosi" ni moshi na unauona kwa mbali kabla hujafika. Hiyo ilinifurahisha sana. Nikajiona nipo nyumbani, lugha zetu hizi ni ndugu. Ngoja mtaona lugha ilivyonifanya baadaye.

Daraja lenyewe ni la zamani, lilifunguliwa rasmi mwaka 1905 na Profesa George Darwin, mtoto wa yule Charles Darwin wa kwenye vitabu vya baiolojia. Ni la chuma, treni inapita, malori yanapita, watu kwa miguu wanapita. Upande mmoja Zambia, upande wa pili Zimbabwe, na chini kabisa Zambezi inapita kwenye korongo la mawe meusi. Uhamiaji wanakupa kikaratasi cha kuingia darajani, unatembea. Katikati ndo pana jukwaa la kurukia. Ni mita 111 za kuruka. Ukihesabu ghorofa moja ni mita 3, basi uko kama ghorofa ya 37, na hakuna lifti.

Mimi nilidhani tumeenda kuangalia wazungu wakiruka. Kumbe binamu alishalipa, zaidi ya dola 100 za Marekani. Nikamwambia hii ni ada ya mdogo wangu. Akacheka, "Umekaa kwenye basi siku zote hizo uje kupiga picha tu?" Watu wakageuka kutuangalia. Si mnajua ilivyo. Nikasema potelea mbali, leo ndo leo.

Niseme kidogo kuhusu huu mchezo, maana nilirudi nikausoma. Asili yake iko mbali kabisa, kisiwa cha Pentecost huko Vanuatu, bahari ya Pasifiki. Wanaume wa kule tangu enzi na enzi wanajenga mnara wa miti, wanajifunga mitambaazi ya porini kwenye vifundo vya miguu, wanaruka mpaka kichwa kinakaribia kugusa udongo. Kila mrukaji ana kamba zake, zimechaguliwa na kupimwa kwa ajili yake, na wanaruka msimu ambao mitambaazi ina unyevu na inavutika. Mwaka 1974 Malkia Elizabeth wa Uingereza alitembelea kule, wakaandaliwa watu wamrukie ingawa msimu haujafika. Mitambaazi haikuvutika vya kutosha na mwanaume mmoja alifariki. Miaka mitano baadaye, tarehe 1 Aprili 1979, vijana wa Chuo Kikuu cha Oxford wakaruka kutoka daraja la Clifton kule Bristol na kamba za mpira. Kwa hiyo jamani, banji ya kisasa imeanzishwa na wanachuo. Hatujambo! Baadaye A. J. Hackett wa New Zealand akaruka kutoka mnara wa Eiffel mwaka 1987, na mwaka 1988 akafungua biashara ya banji kwenye daraja la Kawarau kwao. Ndo ikasambaa dunia nzima mpaka ikamfikia mtoto wa watu kutoka Mlimani.

Kwenye habari ya Vanuatu kuna kitu naomba mkikumbuke: kamba inapimwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Pale darajani ni hivyo hivyo. Nilipandishwa kwenye mzani, kilo zangu zikaandikwa mkononi kwa maka peni, maana kamba ya mtu wa kilo 50 siyo kamba ya mtu wa kilo 90. Wakapima, wakaangalia tena, akaja mwingine akaangalia kwa mara ya tatu. Hapo sina neno, niliwaamini.

Kisha ikaja fomu. Ya Kiingereza, maandishi madogo. Nikasaini bila kusoma, kama tunavyosaini fomu zote hapa chuoni. Nyie wenye kulaumu, mliisoma lini fomu ya mkopo mpaka mwisho? Wala sikujua kwamba pale pale, tarehe 31 Desemba 2011, kamba ilikatika na msichana wa Australia mwenye miaka 22 akaangukia mtoni miguu ikiwa bado imefungwa. Aliogelea hivyo hivyo na Mungu akamnusuru. Binamu alinisimulia tukiwa kwenye basi la kurudi. Nilimnunia mpaka Lusaka.

Baada ya fomu, maelezo. Hapa ndipo penyewe.

Kaka aliyekuwa anatuelekeza alizungumza Kiingereza kizuri tu, ila cha haraka, cha mtu anayesema maneno yale yale mara nyingi kwa siku. Upepo unavuma, maporomoko yanaunguruma, lori linapita daraja linatetemeka. Nyuma yangu kuna foleni ya watalii wanatikisa vichwa kama wameelewa kila kitu. Mimi nilidaka vipande. Usishike kamba, nimedaka. Nyoosha mikono, nimedaka. Ruka mbele, usidondoke tu kama gunia, nimedaka. Halafu ikaja sehemu ndefu, nikasikia "chini", nikasikia "atakuja", nikasikia kitu kama kufunga. Nikaunganisha mwenyewe kichwani: wakimaliza kunidundisha watanishusha chini mtoni, atakuja mtu na boti kunichukua.

Akaniuliza, "Umeelewa?" Nikajibu ndiyo. Wakati wananifunga mataulo na mikanda miguuni akauliza tena. Ndiyo. Vidole vya miguu vikiwa vimeshapita ukingo wa jukwaa, mwingine akauliza kama niko sawa na nimeelewa yote. Ndiyo, asante.

Mara tatu! Mtu yeyote angeridhika.

Kwa nini nilisema ndiyo? Niwe mkweli, niliona haya. Mimi mwanachuo wa mwaka wa tatu, nasoma ualimu, nafanya mitihani ya masaa matatu kwa Kiingereza, nisimame mbele ya watalii niseme kaka samahani sijaelewa? Nyuma yangu alikuwepo mtoto wa Kizungu, naona hata kumi na nane hana, ametulia anatafuna bazoka. Watu wakiona video watasema dada jasiri. Wapi! Hofu ya kuchekwa ilizidi hofu ya mita 111, ndo maana nikaruka.

Wakahesabu kutoka tano kurudi moja. Nikaruka.

Siwezi kudanganya, sekunde zile chache sijui kuzielezea. Hakuna kupiga kelele, sauti inabaki juu darajani. Moyo unapanda kooni, korongo linakuja usoni, nikaona upinde wa mvua, kweli kabisa, halafu kamba ikanipokea taratibu kama mkono wa mtu, ikanirudisha juu. Nikacheka peke yangu kama kichaa. Nikashuka tena, nikapanda tena. Mpaka hapo nilikuwa tayari kuwaandikia kwamba kila mtu aende akaruke.

Kisha nikatulia. Nimening'inia kichwa chini, damu imejaa usoni, natazama maji yanazunguka. Nasubiri kushushwa. Sishushwi. Naangalia boti. Hakuna boti. Dakika nadhani hazikufika hata mbili, ila kwangu ulikuwa muhula mzima. Nikaanza kuhisi miguu inachomoka kwenye yale mataulo. Nikaangalia juu, nikaona mtu anashuka kwa kamba. Wasomaji wangu, nikajua kimeharibika kitu. Nikajua mashine ya kunishusha imegoma na huyu ndo mwokoaji, kama wale wa kwenye picha za mafuriko. Nikajikunja nikajivuta, nishike mikanda ya miguuni nijizuie nisidondoke. Mkono wangu ukafika kwenye chuma cha kufungia mikanda, nikakikamata. Yule mtu akaanza kupiga kelele. Alisema nini? Sikuelewa hiyo nayo.

Mungu ni mkubwa, nguvu ziliniisha, nikaachia. Akanifikia, akanifunga kwake, nikamkaba shingo nusura nimnyonge kaka wa watu. Tukavutwa kwa winchi mpaka kwenye kijinjia cha chuma kilicho chini ya daraja. Kumbe ndo utaratibu wenyewe! Kila mtu anafuatwa hivyo. Boti ni la kwangu mimi, nililitengeneza kichwani mwangu.

Tulipokanyaga chuma akaniuliza taratibu, neno moja moja, "Dada, hukuambiwa kwamba nitakuja kukuchukua, na usiguse kitu?"

"Niliambiwa."

"Na uliulizwa kama umeelewa?"

"Niliulizwa."

"Ukasemaje?"

Nikanyamaza. Akacheka, mimi nikalia.

Sasa wadau, hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Silaumu waliotuelekeza. Walisema kila kitu na kosa ni langu niliyeitikia nisichokielewa. Lakini tangu nirudi sipati usingizi vizuri, kwa sababu nimesoma habari ya mwenzangu ambaye yeye hakupata wa kumuuliza mwishoni. Agosti 2015, kaskazini mwa Hispania, jimbo la Cantabria, msichana Mholanzi wa miaka 17 alisimama darajani kuruka. Kamba alikuwa nayo mwilini ila ilikuwa bado haijafungwa darajani. Mwelekezaji wake alikuwa Mhispania. Alimwambia kwa Kiingereza "no jump", akiwa na maana hakuna kuruka. Inaelekea binti akasikia "now jump", ruka sasa. Akaruka. Mwaka 2017 majaji wa huko walipoamua yule mwelekezaji ashtakiwe, walisema Kiingereza chake hakikufaa kuelekeza wageni kwenye jambo la hatari kiasi kile.

Tofauti ya "no" na "now" ni herufi moja. Mholanzi na Mhispania, kila mmoja ana lugha yake anayoiota usiku, wanakutana katikati kwa lugha ya tatu ambayo hakuna aliyeimiliki.

Maoni yangu ni haya. Watu wa banji, na wa michezo yote ya hatari, kamba wanampimia mtu mmoja mmoja lakini maelezo wanayagawa sawa kwa wote. Kilo zangu zilipimwa na watu watatu. Kuelewa kwangu hakukupimwa na mtu hata mmoja, nilipima mwenyewe na nikadanganya. Kuuliza "umeelewa?" siyo kipimo. Ni kama kunisimamisha mbele ya mzani halafu kuniuliza, "Unadhani una kilo ngapi?"

Kuna mtu atasema kampuni haiwezi kuajiri wasemaji wa lugha zote za dunia, mara Kiswahili, mara Kichina, mara Kiholanzi. Kweli, haiwezi. Wala sidai hivyo. Inatosha kuniambia, "Haya dada, sasa nieleze wewe, ukishatulia kule chini itatokea nini?" Sekunde kumi tu. Ningesema boti, wote wangecheka, ningeelekezwa upya kwa mikono na vidole, ningeruka nikiwa najua. Na anayeruka naye ana wajibu wake. Akishindwa kusema "sijaelewa" mbele ya foleni, basi arudi akapige picha na binamu yake. Mimi nilipaswa kufanya hivyo, na nisingekuwa mwoga kwa kufanya hivyo.

Ningeweza kuishia hapa, ila ningekuwa nimeficha kinachoniuma zaidi.

Kabla ya likizo nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya kata, sitaitaja. Kidato cha kwanza, watoto 70 na kitu, Jiografia. Miaka yote ya shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, sasa wamefika kwangu na kila kitu ni Kiingereza. Nikafundisha mzunguko wa dunia, usiku na mchana vinatokeaje. Nilijiandaa, nilichora, nilitokwa jasho. Mwisho nikauliza kwa Kiingereza, "Mmeelewa?" Darasa zima, kwa sauti moja, "Yes madam!" Nikajaza kwenye andalio la somo kwamba lengo limefikiwa. Msimamizi wangu alikaa nyuma, akaandika vizuri.

Jaribio likaja. Kulikuwa na binti mmoja anayekaa dirishani, alinakili swali langu lote kwa mwandiko mzuri, akaliandika mara mbili, basi. Nikampa sifuri. Siku moja mchana namkuta nje chini ya mwembe, amepigwa na jua upande mmoja, anamwelekeza mdogo wake wa darasa la nne. Ameshika embe bichi, analizungusha, "Ona, huku kwenye jua mchana, huku nyuma giza. Likizunguka, wa huku nao wanapata mchana." Bila kosa. Mimi nikapita nikatabasamu, nikasema moyoni kumbe ana akili huyu. Sifuri sikuibadilisha. Wala haikunijia akilini kwamba mwenye sifuri pale nilikuwa mimi.

Yule binti alisema "yes" kama nilivyosema mimi darajani, na kwa sababu ile ile. Ila hali yake ni mbaya kuliko yangu na ya yule Mholanzi. Kule Hispania hapakuwa na lugha nyingine ya kukutania. Mimi na yule kaka wa Zambia hatukuwa nayo pia. Lakini mimi na yule binti tunayo! Tungetoka nje ya darasa tungeongea Kiswahili tangu asubuhi mpaka jioni. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilisema Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote, na sekondari bado tunawaweka watoto ukingoni kwa Kiingereza na kuhesabu tano, nne, tatu. Sisemi Kiingereza kifutwe, mimi mwenyewe nakitafuta kwa tochi. Kifundishwe vizuri, kama somo, na watu wanaokijua. Nasema tu mtoto asinyimwe dunia kuzunguka kwa sababu hajui kuitaja kwa lugha ya wageni.

Mpaka hao wakubwa waamue, nimejiwekea sheria ndogo. Mwakani nikipangiwa shule, sitauliza "mmeelewa?" tena. Nitasema, "Haya, wewe wa dirishani, nieleze mimi." Kwa lugha yoyote atakayoileta. Akileta embe, nitapokea embe.

Wenzangu wa ualimu mnasemaje? Nyie mlioko shuleni mnafanyaje na hizo "yes madam" na "yes sir" zenu? Na wale mliowahi kuruka, semeni kweli, mlielewa yote?

Mwisho kabisa, kama kuna mtu hapa anamfahamu mama yangu, tafadhali sana. Yeye anajua nilikwenda Lusaka kumsalimia mjomba. Aliniuliza niliporudi, "Ulitulia huko?" Nikajibu ndiyo.

Tukutane tena panapo majaliwa.